UKIPATA MSAADA WA CHUO, UUTUNZE

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanafunzi wanaokwenda chuo, wazazi wao na viongozi wa vijiji katika Kashojwa, makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tunayachapa hapa ili nawe ambaye hukuweza kufika uyasome. Ukimaliza, mpe jirani.



Leo hatutasema juu ya namna ya kuomba msaada wa masomo. Habari hiyo hutangazwa wakati nafasi zinapofunguliwa, na wengi wenu mnaijua. Leo tunasema juu ya jambo ambalo halibandikwi sana ukutani: namna ya kubaki na msaada huo mpaka siku ya kumaliza.

Jina la kijana likitoka kwenye orodha, nyumba yote hufurahi. Majirani huja, mama hupika, mzee hutoa ushauri. Lakini wako vijana ambao baada ya mwaka mmoja au miwili hurudi na begi, na wazazi hawaelewi kilichotokea. Watu husema tu, "Wamemkata." Ni vizuri ieleweke kwamba mara nyingi hakuna mtu aliyeketi ofisini akaamua kumkata kwa chuki. Kuna masharti ya maendeleo ya masomo. Yamo katika karatasi ambayo mwanafunzi mwenyewe alitia sahihi. Masharti hayo yalifanya kazi polepole, muhula baada ya muhula, wakati yeye amenyamaza.

Kwa hiyo neno letu la leo ni moja: anayeanguka somo moja bado ana njia ya kuokoa msaada wake, lakini anayeanguka akaficha huifunga njia hiyo mwenyewe.

1. MSAADA HUANGALIWA UPYA

Chukua mfano wa msaada unaojulikana zaidi kwa wakimbizi, yaani DAFI. Ulianza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, na unasimamiwa na UNHCR. Umepewa jina la Albert Einstein, mwanasayansi ambaye yeye mwenyewe alikimbia nchi yake ya Ujerumani wakati wa utawala wa Hitler. Tangu wakati huo umesomesha wakimbizi zaidi ya 20,000 katika nchi nyingi, Uganda ikiwa mojawapo.

Msaada wa namna hii hulipa ada ya chuo, na pia husaidia vitabu, chakula, nyumba na usafiri. Lakini haukabidhiwi wote siku ya kwanza kama mtu anayekabidhiwa shamba. Maendeleo ya mwanafunzi huangaliwa kila mwaka. Mwanafunzi huleta matokeo yake, na ofisi hutazama: je, anasonga mbele? Je, bado yuko katika masomo yale yale aliyokubaliwa? Je, hapokei msaada mwingine wa kulipia jambo hilo hilo? Majibu yakiwa mazuri, msaada huendelea.

Wengine huuliza: kwa nini mkimbizi abanwe hivyo, hali maisha yake ni magumu tayari? Swali ni la haki. Jibu lake ni kwamba nafasi ni chache kuliko watu. UNHCR na wenzake wamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Maana yake ni kwamba hata lengo likifikiwa, vijana 85 kati ya 100 watakuwa nje. Kila kiti unachokalia, kuna mwenzako hapa Kashojwa aliyekikosa. Ndiyo sababu wanaotoa fedha hutaka kuona kiti kinatumika.

2. JIFUNZE HESABU YA ALAMA KABLA HUJAENDA

Wanafunzi wengi hufika Mbarara au Kampala bila kujua alama zao zinahesabiwaje. Katika vyuo vikuu vya Uganda wastani hutolewa kwa kipimo cha 5, nao huitwa GPA. Wastani wa mihula yote ikijumlishwa huitwa CGPA. Alama ya kufaulu somo ni 50 kwa 100.

Ukipata 80 au zaidi, unapewa pointi 5. Ukipata kati ya 70 na 74, pointi 4. Kati ya 60 na 64, pointi 3. Kati ya 50 na 54, pointi 2. Kila somo pia lina uzito wake, unaoitwa krediti. Somo la krediti 4 lina nguvu kuliko somo la krediti 3. Unazidisha pointi kwa krediti, unajumlisha yote, kisha unagawa kwa jumla ya krediti.

Tufanye mfano. Mwanafunzi ana masomo matano katika muhula wa kwanza:

Somo la kwanza, krediti 4, alama 72: pointi 4 mara 4 ni 16.
Somo la pili, krediti 4, alama 61: pointi 3 mara 4 ni 12.
Somo la tatu, krediti 3, alama 56: pointi 2.5 mara 3 ni 7.5.
Somo la nne, krediti 3, alama 52: pointi 2 mara 3 ni 6.
Somo la tano, krediti 4, alama 30: hana pointi, kwa hiyo ni 0.

Jumla ni 41.5. Krediti zote ni 18. Ukigawa unapata 2.31.

Sasa sikiliza vizuri. Mwanafunzi huyu anaweza kusema, "Mimi niko juu ya 2, niko salama." Hayuko salama. Katika kanuni za Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, mwanafunzi huwekwa katika kipindi cha uangalizi, ambacho wenyewe huita probesheni, kwa sababu mbili: wastani wake wa jumla ukishuka chini ya 2, au akianguka somo la lazima hata kama wastani wake ni mzuri. Akilirudia somo lile la tano na kupata 60, jumla yake inakuwa 53.5, na wastani unapanda mpaka 2.97. Somo moja tu limebadilisha picha yote.

Jambo jingine la kujua: muhula wa kwanza haufutiki. Ukipata 1.8 katika muhula wa kwanza na 2.4 katika wa pili, krediti zikiwa sawa, wastani wako wa jumla ni 2.1. Umepona, lakini kwa shida. Ndiyo maana tunasema, mwanafunzi asingoje mwaka wa pili ili aanze kusoma kwa bidii.

Kila chuo kina kitabu cha kanuni. Mbarara, Makerere, Bishop Stuart, KIU, kila mmoja una chake, na namba zinaweza kutofautiana. Kiombe wiki ya kwanza. Soma sehemu inayohusu maendeleo ya mwanafunzi. Usitegemee maneno ya wenzako wa chumbani.

3. RITEKI INA BEI YAKE

Kurudia somo, ambako wanafunzi huita riteki, si aibu, na wengi waliomaliza vizuri walipitia huko. Lakini ina bei tatu.

Bei ya kwanza ni pesa. Chuo hutoza ada ya kurudia, na usidhani kwamba anayekulipia ada atailipa pia. Uliza mapema.

Bei ya pili ni wakati. Masomo mengi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Somo uliloanguka katika muhula wa kwanza litarudi katika muhula wa kwanza wa mwaka unaofuata. Ukisubiri mwaka wa mwisho ili uyarudie yote, utajikuta wenzako wanavaa majoho na wewe bado una masomo manne. Hapo msaada huwa umefika mwisho wake, kwa kuwa ulitolewa kwa miaka ya kozi, kama ni mitatu basi mitatu.

Bei ya tatu ni hatari ya kuondolewa. Kwa kanuni zile zile za Makerere, mwanafunzi anayeanguka somo hilo hilo mara tatu huondolewa katika kozi. Vilevile anayepitisha muda wa kozi kwa zaidi ya miaka miwili. Chuo kikikuondoa, hakuna mfadhili anayeweza kukulipia, maana hakuna mahali pa kulipa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Riteki moja ni ufa. Ziba mwaka huo huo.

4. KWA NINI WANAFUNZI WETU HUANGUKA

Mara nyingi si kwa sababu ya akili ndogo. Zipo sababu nne ambazo tunaweza kuzifanyia kazi.

Kwanza ni lugha. Waliosoma Kongo au Burundi walisoma kwa Kifaransa. Hapa mwalimu hufundisha kwa Kiingereza, mtihani ni kwa Kiingereza, na hata kipimo cha alama si kile walichozoea. Mtu anaijua hesabu, lakini swali lenyewe halielewi. Ikiwa jina lako limetoka, miezi iliyobaki kabla ya muhula ni ya Kiingereza. Soma, sikiliza redio, andika kila siku ukurasa mmoja na umpe mtu akusahihishe.

Pili ni kazi za muhula. Mwanafunzi mgeni hudhani kwamba mtihani wa mwisho ndio kila kitu, kama mtihani wa serikali. Sivyo. Majaribio na kazi za kuandika za katikati ya muhula mara nyingi ni alama 30 au 40 kati ya 100. Asiyezifanya huingia chumba cha mtihani akiwa tayari amepoteza sehemu hiyo.

Tatu ni kukosa darasa na kukosa kujiandikisha. Vyuo vingi huhesabu mahudhurio, na asiyefikisha kiasi huzuiwa mtihani. Vilevile asiyejiandikisha kwa tarehe iliyowekwa hapewi kibali cha mtihani. Ikiwa ada yako imechelewa kutoka ofisini, usikae kitandani ukilalamika. Nenda ukaombe barua inayoeleza kwamba ada inakuja, uipeleke kwa mhasibu wa chuo kabla ya tarehe kupita.

Nne ni sisi wenyewe, watu wa nyumbani. Hapa naomba wazazi mvumilie, maana neno hili linawahusu.

5. NENO KWA WAZAZI NA WALEZI

Tunajua hali ya Nakivale. Tangu mwaka 2023 WFP iligawa familia za wakimbizi katika Uganda kwa makundi, kufuatana na uhitaji, na wengine wakaanza kupata kidogo. Mwaka 2025, fedha zilipopungua zaidi, watu karibu milioni 1 waliondolewa kabisa katika chakula cha msaada. Shamba ni dogo, mvua haiaminiki. Katika nyumba kama hiyo, mtoto aliye chuoni Mbarara na ambaye hupokea pesa ya chakula huonekana kuwa ndiye tajiri wa ukoo.

Basi simu inapigwa. Mdogo wake anaumwa. Kuna deni dukani. Paa linavuja. Kijana anatuma nusu ya pesa yake kwa simu, naye anabaki akila mara moja kwa siku. Mwezi wa pili anatafuta kibarua cha usiku. Mwezi wa tatu anasinzia darasani. Mwisho wa muhula ana masomo mawili ya kurudia, na hawezi kuwaambia, kwa sababu anaogopa kuwavunja moyo.

Hatusemi kwamba mtoto asisaidie wazazi. Mtoto asiyewakumbuka wazazi si wa kumsifu. Tunasema mjue hesabu ilivyo. Pesa ile ya chakula imewekwa kwa tumbo moja. Mkiigawa kwa matumbo saba, hamtashiba, na yeye ataanguka. Akianguka, familia itapoteza pesa ile ndogo ya leo na mshahara wa kesho pia.

Jambo lingine ni safari. Kutoka Mbarara mpaka hapa ni kilomita 60 hivi, na kwa teksi na boda boda siku nzima inaweza kuisha. Kuna wakati mwanafunzi lazima aje: uhakiki wa kadi ya familia, au jambo la kisheria katika ofisi ya OPM. Lakini msimwite kwa kila kikao na kila mavuno. Kabla ya kumwita, muulizeni: "Mwanangu, una mtihani lini?" Ikiwa uhakiki umeangukia siku ya mtihani, mwenyekiti wa RWC na ofisi ya komanda waelezwe mapema, kwa maandishi, pamoja na ratiba ya mtihani. Kueleza kabla ya siku ni rahisi kuliko kuomba radhi baadaye.

Na wewe mzazi, uliza matokeo. Usiseme, "Mimi sikusoma, nitajua nini?" Huhitaji kusoma ili kuuliza maswali mawili: "Umefaulu masomo yote? Wastani wako umefika ngapi?" Sasa unajua kwamba chini ya 2 ni hatari.

6. MAMBO YAKIHARIBIKA

Ugonjwa huja. Msiba huja. Mtu anaweza kupata habari mbaya kutoka Kivu usiku wa kuamkia mtihani. Kanuni za vyuo zinajua kwamba wanafunzi ni binadamu, na zimeacha mlango. Lakini mlango huo una saa zake.

Ukiwa mgonjwa wakati wa mtihani, nenda hospitali siku ile ile na upate karatasi, kisha ipeleke kwa mkuu wa idara. Ukikubaliwa, utafanya mtihani wakati mwingine bila kuhesabiwa kwamba umeanguka. Ukikaa kimya na kutoingia, inaandikwa kwamba hukufika, na utaonekana sawa na aliyekwenda kunywa.

Ukiona huwezi kabisa kuendelea, kwa uzazi, kwa ugonjwa mrefu au kwa msiba mzito, omba kuahirisha masomo kwa idhini ya chuo. Mueleze pia anayekulipia, kabla hujaondoka, ili mkubaliane nafasi yako itatunzwaje. Anayeondoka bila kuaga huhesabiwa kwamba ameacha.

Usibadilishe kozi bila ruhusa. Msaada ulitolewa kwa kozi fulani. Ukihama kutoka uuguzi kwenda biashara kimya kimya, hata kama chuo kimekubali, anayelipa anaweza kukataa, na atakuwa na haki.

Ukipokea barua ya onyo au ya kusimamishiwa msaada, usiitupe. Jibu. Barua nzuri ya kuomba kufikiriwa upya ina sehemu tatu: nini kilitokea, pamoja na karatasi ya kuthibitisha, nini kimebadilika sasa, na mpango wako wa kurudia masomo, muhula kwa muhula. Usiandike habari za vita tangu mwanzo mpaka mwisho. Wanaosoma barua hiyo wanajua wewe ni mkimbizi. Wanachotaka kujua ni kama muhula ujao utakuwa tofauti na uliopita.

Tena msidhani kwamba masharti haya ni ya wakimbizi wa Afrika tu. Ndugu zetu kutoka Nakivale waliohamia Marekani huyakuta huko huko. Sheria ya msaada wa serikali kwa wanafunzi wa Marekani hudai mambo matatu: wastani usishuke chini ya kiwango, masomo yakamilishwe kwa mwendo unaotosha, na kozi isizidi mara moja na nusu ya muda wake, yaani kozi ya miaka minne isizidi ule wa miaka sita. Huko pia chuo kinaweza kumsikiliza mwanafunzi aliyefiwa au aliyeugua, na huko pia hudai maandishi na mpango. Anayejifunza kanuni hizi hapa Kashojwa, zitamfaa popote.

7. MAMBO YA KUFANYA

Kata sehemu hii ubandike ukutani mwa chumba chako.

Wiki ya kwanza: jiandikishe, omba kitabu cha kanuni, andika tarehe zote za mitihani na umpe mzazi nakala.

Wiki ya nne: hesabu majaribio uliyofanya. Ukiona somo moja linakushinda, mwone mwalimu wake sasa, na utafute mwenzako wa kusoma naye.

Katikati ya muhula: hakikisha ada imefika chuoni. Kama haijafika, omba barua.

Wiki mbili kabla ya mtihani: hakikisha una kibali cha mtihani, na usisafiri bila sababu kubwa.

Matokeo yakitoka: hesabu wastani wako mwenyewe kwa kalamu. Peleka nakala ofisini hata kama ni mabaya, hasa kama ni mabaya. Mwambie mzazi ukweli siku hiyo hiyo.

Kama una riteki: jiandikishe kuirudia mara ya kwanza inapofundishwa tena, na anza kuweka pesa yake kidogo kidogo.

Ndugu zetu, mficha maradhi kilio humuumbua. Ofisi inayosikia habari mbaya mapema inaweza kutafuta njia. Ofisi inayoisikia baada ya mwaka huwa haina la kufanya ila kufunga faili. Wanafunzi, mnapoondoka Kashojwa kwenda chuo, hamwendi peke yenu, mnaongozana na macho ya wadogo zenu wanaosoma hapa msingi na sekondari. Mkimaliza, wataamini kwamba inawezekana. Basi someni, hesabuni, na msinyamaze.